Viungo vya usukani wa trekta kuukuu: vinavyovunjika na namna ya kuvitengeneza

Katika trekta, njia inayotoka mikononi mwa dereva hadi kwenye matairi ya mbele hupitia vipande vingi vya chuma vilivyoungwa kimoja kwa kingine, na kila mahali ambapo kipande hukutana na mwenzake pana msuguano, pana nafasi ya kulegea na pana haja ya grisi. Mkusanyiko wa vipande hivyo, ukiacha usukani wenyewe juu na matairi chini, ndio unaoitwa viungo vya usukani. Vikiwa vizima hakuna anayevikumbuka, na dereva huweza kulima msimu mzima bila kuvitupia jicho. Kikikatika kimoja, trekta lenye injini nzima, gia nzima na plau iliyo tayari hubaki limesimama katikati ya shamba, tairi moja likielekea kaskazini na jingine likielekea mashariki, ilhali mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na wenye mashamba wamekwisha kulipia zamu zao.

Mfano unaofaa kulielezea jambo hili kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni Massey Ferguson 135, trekta dogo lenye nguvu ya farasi 45 hivi, lililoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 1964 katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza, na kuendelea kutengenezwa huko hadi mwaka 1975. Injini yake ya dizeli ya Perkins, yenye silinda 3 na ujazo wa lita 2.5, imejijengea sifa ya kutokufa, kiasi kwamba yapo matrekta ya aina hiyo yaliyotoka kiwandani kabla ya madereva wake wa leo kuzaliwa na ambayo bado yanalima, yanavuta matela ya matofali na kuzungusha mashine za kupukuchua mahindi. Lakini injini hudumu kwa sababu imefungiwa ndani ya mafuta yake, ilhali viungo vya usukani vinaning'inia nje, jirani na ardhi, vikipigwa na vumbi, matope, mabua na visiki, bila kinga yoyote isipokuwa kifuniko chembamba cha mpira na grisi anayokumbuka kutia mwenye trekta. Ndiyo maana si ajabu kuona trekta la umri wa miaka 50 ambalo injini yake imefunguliwa mara mbili tu katika maisha yake yote, huku usukani wake ukiwa umeunganishwa kwa waya, nondo na matumaini.

Mpangilio wa viungo vya 135 ni urithi kutoka kwa Harry Ferguson, mhandisi wa Ireland aliyeishi kati ya mwaka 1884 na 1960, ambaye anajulikana zaidi kwa kubuni mfumo wa kubeba zana kwa mikono mitatu nyuma ya trekta. Trekta lake la TE20, lililotengenezwa Coventry kati ya mwaka 1946 na 1956 kwa idadi iliyozidi nusu milioni, halikuwa na fimbo moja ya kuvuka kutoka tairi hadi tairi kama ilivyo katika magari mengi. Badala yake, sanduku la usukani, yaani chemba ya gia iliyo chini ya mhimili wa usukani ambayo mafundi huiita stelingi boksi, lilitoa mkono mmoja kila upande wa mwili wa trekta, na kila mkono ukashika fimbo yake ndefu iliyopita kando ya injini kwenda mbele hadi kwenye tairi la upande wake. Fimbo hizo ndefu, ambazo gereji nyingi huziita dragilinki, zilipangwa kwa namna ambayo mkulima akipanua au akipunguza upana wa matairi ya mbele ili yafuate mistari ya mazao, mwelekeo wa matairi usiharibike wala asilazimike kugusa urefu wa fimbo. Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Kanada mwaka 1953, na kutokana na muungano huo likaja jina la Massey Ferguson. Mpango wa fimbo mbili ukaendelea, na 135 zenye ekseli ya mbele iliyopinda kuelekea nyuma zinautumia hadi leo. Fundi aliyezoea magari madogo, ambaye kichwani ana fikra ya tairodi moja, yaani ile fimbo ya kuvuka inayoyafunga matairi mawili pamoja, hulazimika hapa kujifunza upya, kwa kuwa katika trekta hili kila tairi lina njia yake, na tairi moja linaweza kupotea huku jingine likiendelea kumtii dereva.

Kila ncha ya fimbo ina bolijointi, yaani kichwa cha chuma cha mviringo mfano wa gololi kubwa kilichokaa ndani ya kikombe chake, ambacho huiwezesha fimbo kusukuma na kuvuta huku ikiyumba juu na chini kadiri ekseli inavyopanda matuta. Kutoka kwenye kichwa hicho hutokea mguu uliochongwa kwa kusinyaa kidogo kuelekea mwisho wake, ambao hupenya katika tundu lililosinyaa vivyo hivyo kwenye mkono wa usukani na kukazwa kwa nati yenye mapengo juu yake kama taji, na nati hiyo huzuiwa isifunguke kwa kotapini, yaani kile kipini chembamba cha miguu miwili kinachopindwa baada ya kupenyezwa. Mkono wa usukani nao umekazwa juu ya kingipini, mhimili wa wima unaolibeba tairi na kuzunguka ndani ya bushi zilizo mwisho wa ekseli. Vipande hivi vyote ni vichache kuhesabika, na ubaya wa kimoja huwa mzigo wa kingine.

Pembe za mikono hiyo ya usukani hazikuwekwa kwa kubahatisha. Trekta linapopinda kona, tairi la ndani hutembea katika duara dogo kuliko tairi la nje, kwa hiyo halina budi kupinda zaidi kidogo, la sivyo moja kati ya hayo mawili litaburuzwa ubavu na kulika upesi. Kanuni hii ilibuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, kisha ikasajiliwa kama hataza mjini London mwaka 1818 na wakala wake, Rudolph Ackermann, na kama ilivyo desturi katika historia ya uvumbuzi, jina lililobaki vitabuni ni la wakala. Jambo la kuzingatia gerejini ni kwamba mkono uliopindwa na kisiki, kisha ukanyooshwa kwa nyundo na kwa macho tu, huwa umepoteza pembe hiyo, hata kama trekta linakwenda mbele barabara, na kasoro yake hudhihirika baadaye pale tairi la mbele linapokuwa kipara upande mmoja.

Wenye matrekta wengi husema kiungo kimevunjika kwa sababu ya kisiki au kichuguu fulani, na kwa kweli pigo la mwisho mara nyingi hutokana na kitu cha namna hiyo. Hata hivyo, bolijointi iliyokatika ikiokotwa na kufutwa kwa kitambaa, sura ya mkato wake husimulia habari tofauti. Sehemu ya mkato huwa nyeusi au yenye kutu, laini na yenye mistari mfano wa mawimbi, nayo ni ile iliyopasuka zamani na kuendelea kupanuka kidogo kidogo kwa miezi, wakati sehemu iliyobaki, yenye chembechembe zinazong'aa, ndiyo iliyokatika siku hiyo. Ikiwa sehemu nyeusi ni kubwa kuliko ile inayong'aa, kisiki kimesingiziwa.

Chanzo cha ufa wa namna hiyo ni ulegevu, ambao mafundi huuita plei. Kifuniko cha mpira kikipasuka, vumbi huingia ndani ya kikombe, huchanganyika na grisi kuukuu na kuwa kama msasa, na gololi ikasagwa hadi ikapata nafasi ya kugonga. Kila tairi linapoangukia tuta, fimbo iliyotakiwa kusukuma kwa utulivu hupiga kama nyundo. Chanzo kingine, ambacho hutazamwa kwa nadra, ni kingipini iliyokauka. Bushi yake ikikosa grisi, mhimili hushika kutu na kuwa mgumu kuzunguka, naye dereva, badala ya kujiuliza kwa nini usukani umekuwa mzito, huongeza nguvu za mabega, na nguvu yote hiyo hupita katika fimbo na bolijointi ambazo hazikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo. Kuzungusha usukani trekta likiwa limesimama kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, ni kosa la jamii hiyohiyo, maana tairi lililozama haligeuki bali linang'olewa. Plau ya sahani nayo husukuma trekta ubavu, na kama haikurekebishwa vizuri, matairi ya mbele ndiyo yanayopigana nayo kutwa nzima.

Tena trekta la Afrika Mashariki hufanya kazi ya lori. Msimu wa kulima ukiisha, 135 hufungwa tela na kwenda kusomba mchanga, mawe, mahindi na hata watu, katika mwendo unaofika kilomita 25 kwa saa au zaidi, na mara nyingi tela hilo halina breki zake. Zana nzito nyuma au tela lililopakiwa zaidi upande wake wa mbele huinua pua ya trekta, matairi ya mbele yakawa yanagusa ardhi na kuachia, na kila yanapotua hutua kwa kishindo. Shambani, kiungo kikikatika, hasara ni ya muda na pesa. Barabarani ni jambo jingine, kwa sababu dereva hubaki ameshika usukani usiounganishwa na kitu. Matrekta ya aina hii yana pedeli mbili za breki, ya kulia na ya kushoto, ambazo shambani hutumiwa kila moja peke yake kusaidia kukata kona na barabarani hufungwa pamoja ili trekta lisimame bila kupinda. Dereva anayejua hilo, usukani ukimtoka, hukanyaga breki zote mbili na kupunguza mafuta. Asiyejua huendelea kuuzungusha usukani.

Historia ya eneo hili ina somo moja kubwa kuhusu mashine na vipuri, ingawa halizungumzwi sana gerejini. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Tanganyika, na kuachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni, uliletewa matrekta mengi yaliyokwisha tumika kwingine, na katika miezi michache ya mwanzo sehemu kubwa yake ilikuwa haifanyi kazi, kwani ardhi ilikuwa ngumu, mizizi ilikuwa mingi, na karakana, vipuri na mafundi wazoefu havikulingana na wingi wa mashine. Mengi kati ya matrekta hayo yalikuwa ya minyororo, ambayo hayana viungo vya usukani kabisa, maana hugeuzwa kwa kuuzuia mnyororo wa upande mmoja. Lakini kosa la kutanguliza mashine na kuchelewesha grisi, karakana na fundi ni lilelile.

Utengenezaji unaoaminika huanza kwa kuutafuta ubovu wote, hata ule ambao haujajitokeza. Trekta huegeshwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma hukingwa kwa magogo, na ekseli ya mbele huinuliwa kwa jeki kisha kuwekewa magogo ya kuhimili, kwa kuwa jeki peke yake haiaminiki juu ya udongo. Mtu mmoja hukaa juu na kuutikisa usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, kiasi cha upana wa kiganja, bila kuyageuza matairi hadi mwisho. Fundi hupita chini akiweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu, na kiganja hicho hugundua kile ambacho macho hayaoni: kiungo kizima husogea kama kitu kimoja, na kiungo kilichokufa hugonga kidogo ndani yake, tik, tik, kabla kipande cha pili hakijafuata. Baada ya hapo tairi hushikwa juu na chini na kutikiswa, kwanza ili kupima beringi zake, kisha kingipini, na mwisho ekseli yote hutikiswa kuangalia pini yake ya katikati, ile inayoiruhusu kubembea. Pini hiyo ikiwa imelika, ekseli husogea mbele na nyuma kwa kila msukumo, na hakuna bolijointi mpya itakayodumu juu yake.

Kuondoa bolijointi ni kazi ndogo ambayo huharibiwa kwa haraka kuliko nyingine yoyote. Kotapini huchomolewa, nati hulegezwa lakini haitolewi yote, kisha ubavu wa mkono wa usukani, mahali penye tundu, hupigwa kwa nyundo huku nyundo nyingine nzito ikiwa imeegemezwa upande wa pili. Pigo hilo hulifanya tundu kupanuka na kurudi kwa nukta moja, na ule mguu uliosinyaa huruka wenyewe. Fundi anayepiga ncha ya mguu kutoka chini huishia kuvimbisha hesi zake, nati ikakataa kutoka, na bolijointi ambayo pengine ilikuwa inafaa ikatupwa.

Swali linalozua mabishano mengi ni la kuchomelea. Mafundi wa kuchomelea wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kamukunji jijini Nairobi na wa kando ya barabara katika kila mji mdogo wa mashambani wamewaokoa wakulima mara zisizohesabika, na kuwadharau ni ujinga. Lakini kuna chuma kinachochomeleka na chuma kisichotakiwa kuchomelewa. Bomba la fimbo ndefu huwa la chuma laini, na likipasuka linaweza kutiwa ndani kipande kizito cha chuma kinacholijaza sawasawa, kisha likachomelewa pande zote mbili za mkato na kupitia matundu yaliyotobolewa ubavuni, ili mzigo usibebwe na mshono mmoja tu. Mguu wa bolijointi, mkono wa usukani na kingipini ni kitu kingine kabisa, kwani vimefuliwa kwa chuma chenye kaboni nyingi zaidi na kupewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huuvunja mpango huo: ukanda ulio kando ya mshono, ukipoa haraka kwa upepo au, mbaya zaidi, kwa maji ya ndoo, huwa mgumu na mkavu kama kioo, na hukatika pembeni mwa mshono bila kutoa dalili. Mshono wenyewe huonekana mzuri, na ndiyo hatari yake.

Nondo ya ujenzi, ambayo hupendwa kwa sababu inapatikana kila mahali, haifai kuwa fimbo ya usukani hata kidogo. Huhimili mvuto ikiwa ndani ya zege, lakini fimbo ya usukani husukumwa pia, na nondo nyembamba ndefu ikisukumwa hujikunja katikati. Ipo pia hila ndogo ya umeme ambayo huharibu bila kuonekana: fundi anapobana waya wa ethi mbali na anapochomelea, mkondo hutafuta njia kupitia beringi na bolijointi, huruka cheche ndani yake na kuziachia vidonda vidogo, na bolijointi za kisasa zenye vikombe vya plastiki huyeyuka ndani kwa joto tu. Kwa hiyo bolijointi hutolewa kabla ya kuchomelea kitu kilicho jirani nayo. Ikiwa trekta limekatikia porini na hakuna kipuri, mkono wa usukani unaweza kuchomelewa ili trekta litoke shambani kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila tela na bila kupita barabara kuu. Kuliita jambo hilo matengenezo ni kujidanganya.

Upande wa vipuri, 135 ina bahati ambayo matrekta mengi hayana. Kwa kuwa jamii yake iliendelea kutengenezwa kwa leseni au kwa ushirikiano katika nchi kama Pakistan, India na iliyokuwa Yugoslavia, bolijointi, bushi na kingipini zake hupatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi na katika soko la Kisekka mjini Kampala, pamoja na maduka ya zana za kilimo mikoani. Tatizo ni ubora. Bolijointi mpya ikishikwa kwa mguu wake na kuzungushwa kwa vidole inatakiwa kukataa kidogo, kwa ugumu unaolingana pande zote. Ile inayolegea ikiwa bado ndani ya boksi lake ni feki au ni mbovu, na haijalishi imeandikwa jina gani. Mguu wake hupimwa kwa kupakwa chaki au wino, ukaingizwa ndani ya tundu la mkono bila nati na kuzungushwa kidogo. Ukitoka ukiwa umefutika karibu kotekote, umekaa vizuri. Ukifutika mahali pawili tu, tundu limekuwa yai, na kinachotakiwa kubadilishwa ni mkono wenyewe. Hapa ndipo wenye matrekta wengi hushindwa na gharama, wakarudisha mkono uleule, na baada ya wiki chache wakailaumu bolijointi.

Sanduku la usukani nalo lina madai yake, ingawa kwa kawaida si la kwanza kulaumiwa. Ndani yake mhimili wa usukani una hesi nene zinazoipandisha na kuishusha nati, na mwendo huo hugeuzwa kuwa mzunguko wa ile mikono miwili ya pembeni. Linataka oili ya gia namba 90, na desturi ya kulijaza grisi kwa sababu oili inavuja hulimaliza, kwa kuwa grisi ikishasukumwa pembeni na meno hairudi tena, nayo meno husagana makavu. Anayelifungua bila kutia alama za panchi kwenye mikono na mihimili yake hujitafutia kazi ya pili, maana jino moja likipishana, usukani utageuka zaidi kulia kuliko kushoto, na hakuna urefu wa fimbo utakaolisahihisha kosa hilo.

Baada ya vipande vipya kufungwa hufuata kazi inayorukwa kuliko zote, nayo ni kulinganisha matairi. Usukani huzungushwa hadi mwisho wa upande mmoja, kisha huhesabiwa mizunguko hadi mwisho wa upande wa pili, na kurudishwa nusu ya hesabu hiyo ili sanduku liwe katikati kamili. Hapo urefu wa fimbo ya kushoto hurekebishwa hadi tairi la kushoto litazame mbele, na wa kulia vivyo hivyo. Katika trekta la fimbo mbili kurekebisha moja na kuiacha nyingine ni sawa na kupinda mguu mmoja. Kisha alama ya chaki hutiwa katikati ya uso wa kila tairi, upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, na umbali kati ya alama hizo hupimwa. Trekta husukumwa mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma kwa kimo hichohicho, na umbali hupimwa tena. Kipimo cha mbele kinatakiwa kulingana na cha nyuma au kupungua kwa milimita chache, kwa kawaida zisizozidi 6, na kitabu cha trekta husika ndicho chenye kauli ya mwisho. Kutumia alama zilezile mbele na nyuma kuna maana yake, kwa sababu rimu ya trekta kuukuu ni nadra kuwa imenyooka, na anayepima mahali tofauti hupima mkunjo wa rimu akidhani anapima mwelekeo wa tairi.

Hesi za bolijointi ndani ya bomba la fimbo zinatakiwa kuzama angalau mara moja na nusu ya unene wake. Fimbo ikihitaji kurefushwa hadi zionekane zote, basi kuna kitu kilichopinda mahali pengine. Ubovu wa viungo hivi si wa 135 peke yake: matrekta madogo ya bustani ya Marekani, kama Cub Cadet, yana fimbo nyembamba kuliko hizi na mzigo mdogo kuliko huu, lakini bolijointi zake hufa kwa ugonjwa uleule wa vumbi na ukavu. Pawatila, ambayo sasa imeenea kwenye mashamba ya mpunga, imeukwepa ugonjwa huo kwa kutokuwa na usukani, ingawa anayetembea nyuma yake akiwa ameshika mikono miwili inayotetemeka huenda asiione kuwa ni nafuu.

Grisi hutiwa mpaka ile nyeusi ya zamani itoke yote na mpya ianze kuonekana pembezoni mwa kifuniko, na katika msimu wa kulima kazi hiyo ni ya kila asubuhi kabla ya injini kuwashwa. Nati ya taji hukazwa mpaka pengo lake lilingane na tundu la mguu. Lisipolingana hukazwa zaidi hadi pengo linalofuata, wala hairudishwi nyuma. Baada ya saa 10 hivi za kazi ya kwanza trekta husimamishwa na nati zote hukaguliwa tena, kwa kuwa chuma kipya hukaa mahali pake kwa kufanya kazi. Kotapini iliyochomolewa hutupwa, na mpya ndiyo hutiwa.